Mwalimu wa Kiswahili na Daftari la Maswali

Nimeombwa nizungumzie namna mwalimu wa lugha anavyoweza kuutunza ujuzi wake usichakae. Nitamzungumzia mwalimu wa Kiswahili, maana ndiye ninayemjua. Nimeshika chaki miaka mingi, na sehemu kubwa ya haya nitakayosema niliyapata kwa kukosea mbele ya wanafunzi.

Mwalimu wa hisabati hakuzaliwa akijua kutafuta eneo la duara. Alifundishwa, na akisahau anajua kwamba amesahau. Sisi wa Kiswahili hali yetu ni nyingine. Wengi wetu tuliomo humu ndani tulikikuta Kiswahili nyumbani, au mtaani, au shuleni tukiwa wadogo kabisa. Tunaota kwa Kiswahili. Tunagombana kwa Kiswahili na tunapatanishwa kwa Kiswahili hicho hicho. Kwa sababu hiyo ni rahisi sana kwetu kuamini kwamba tunachojua kinatosha, na kwamba kitaendelea kutosha mpaka siku ya kustaafu.

Wataalamu wa isimu wana neno zuri, umilisi. Maana yake ni ule ujuzi wa lugha uliomo kichwani mwa mzungumzaji, unaomwezesha kutunga na kuelewa sentensi ambazo hajawahi kuzisikia. Umilisi huo anao mvuvi wa Bagamoyo, anao dereva wa daladala, anao mtoto wa miaka mitano. Mvuvi akisema jambo, hakosei upatanisho. Lakini mwulize kwa nini kasema hivyo, atakucheka. Ana haki ya kucheka, maana kazi yake ni samaki. Mwalimu akiulizwa swali hilo hilo hana haki hiyo, kwa kuwa analipwa ajue kwa nini. Ujuzi wa kwa nini haunyonywi pamoja na maziwa. Unatafutwa vitabuni na kwa wenzako, na usipoutafuta mara kwa mara unaota kutu.

Nitawapa mfano ulionifundisha hilo. Miaka ya mwanzo nilifundisha katika shule moja karibu na mpaka wa Kenya. Akahamia kwetu mtoto wa kiume kutoka upande wa Taveta. Katika jaribio niliuliza ngeli ya neno jicho, naye akaandika LI-YA. Nikampiga mkasi kwa kalamu nyekundu. Mimi nilifundishwa kwamba jicho, na meno, na magari, yote ni JI-MA, na kwenye daftari langu la chuo ndivyo ilivyoandikwa. Yule mtoto alikuja mezani na karatasi yake mkononi, akasema kwa adabu, "Shikamoo mwalimu. Naomba kuuliza. Tunasema jicho linauma, macho yanauma. Kosa langu liko wapi?"

Nikamwambia akae. Sikuwa na jibu.

Jioni ile nilichukua Kamusi ya Kiswahili Sanifu niliyokuwa nayo, kamusi niliyoitumia miaka yote kutafuta maana za maneno, nikatazama kwa mara ya kwanza zile herufi ndogo zilizomo ndani ya mabano ya mraba baada ya kila nomino. Kwenye jicho: li-/ya-. Kwenye kitabu: ki-/vi-. Kamusi ilikuwa ikinionyesha upatanisho wa kila nomino siku zote, nami nilikuwa nayaruka yale mabano kana kwamba ni uchafu wa mashine ya chapa.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma upya. Nikaelewa kwamba kuna njia mbili za kuzipanga nomino zetu. Njia ya kwanza hutazama umbo, yaani kiambishi cha mwanzo wa neno katika umoja na wingi. Ndiyo njia ya zamani, na asili yake ni wataalamu wa karne ya 19, kama Wilhelm Bleek, waliokuwa wakizilinganisha lugha za Kibantu. Njia ya pili hutazama upatanisho, yaani kiambishi ambacho nomino inakipachika kwenye kitenzi. Kila njia ina faida yake. Njia ya umbo inakuonyesha undugu wa Kiswahili na Kisukuma, Kihaya na Kizaramo. Na neno ngeli lenyewe tumelipata kwa Wahaya. Lakini njia hiyo inakwama kwenye kiboko. Kwa umbo, kiboko na viboko ni KI-VI. Haya, nani kati yetu anayesema kiboko kimeingia mtoni, akiwa na maana ya yule mnyama? Tunasema kiboko ameingia mtoni. Kipofu amefika, kijana ameoa, kifaranga amekufa. Upatanisho unawapeleka wote kwenye A-WA kwa sababu wana uhai. Kiboko cha kuchapia ndicho kinachobaki KI-VI. Mtoto wa Taveta alikuwa amefundishwa njia ya upatanisho, ambayo ndiyo iliyoshika katika shule za Kenya. Alikuwa sahihi, nami nilikuwa nimemnyima alama yake.

Kesho yake nilimrudishia, mbele ya darasa, na nikaeleza kwa nini. Nawaambia wanachuo wa ualimu, msiogope siku ya namna hiyo. Darasa lile lilinisikiliza kuanzia hapo kuliko lilivyowahi kunisikiliza.

Siku ile ndiyo niliyonunua daftari la kurasa 96 na kuandika juu yake neno moja, Maswali. Kila swali la mwanafunzi ambalo sikuweza kulijibu hapo hapo, nililiandika: tarehe, darasa, swali. Upande wa pili wa ukurasa niliuacha wazi kwa ajili ya jibu. Sasa niko kwenye daftari la saba. Mafunzo yote niliyowahi kuhudhuria, na yako mazuri, hayajanifaa kama madaftari haya, kwa sababu mafunzo huandaliwa na mtu asiyenijua, ilhali daftari linanionyesha palepale panapovuja.

Nisome swali moja lililomo. Baadaye nilipata kazi ya jioni ya kuwafundisha wageni. Nawasihi kila anayeweza aifanye kazi hiyo hata kwa miezi michache, kwa maana mgeni hana umilisi wetu, na kila tunachokiona cha kawaida yeye anakiona ni ajabu. Muuguzi mmoja Mjerumani alikuwa anasoma sentensi, simba amemla mbuzi. Akasimama. Akasema, "Mwalimu, wiki iliyopita ulinifundisha anakula, alikula, amekula, atakula. Leo ku imekwenda wapi?"

Nilimjibu kwa jibu ambalo sote tumewahi kulitoa: ndivyo tunavyosema. Aliandika, lakini macho yake yalionyesha kwamba hakupewa kitu. Nami nikaandika katika daftari langu.

Jibu nililipata baada ya wiki mbili, na ni jibu tamu kweli kweli. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema ki-TA-bu, ki-ta-BU-ni. Kitenzi hiki shina lake ni silabi moja tu, -la. Kwa hiyo mkazo lazima uangukie silabi iliyo mbele yake. Sasa, viambishi vya -na-, -li-, -me- na -ta- havibebi mkazo. Ndipo ku inapobaki, iubebe: a-na-KU-la, a-li-KU-la. Kikiingia kiambishi cha mtendwa, kama m ya mbuzi, hicho kina nguvu ya kubeba mkazo, basi ku haina kazi tena na inaondoka: a-me-M-la. Na ndiyo sababu tunasema nikila, hula, hajala, bila ku, maana -ki-, hu- na -ja- nazo zinaweza kubeba mkazo. Mtu ataniuliza, je, hakula? Hapo ku ipo, lakini ni nyingine. Ni ile ile ya hakusoma na hakulima, alama ya ukanushi wa wakati uliopita. Zimefanana sura tu.

Walimu wenzangu, nilikuwa nimesema amekula na amemla maisha yangu yote bila kukosea hata mara moja, na sikujua kwa nini. Mwanga wa kwanza niliupata katika sarufi ya E. O. Ashton, kitabu kilichotoka 1944. Kilikuwa kwenye maktaba, kimeshonwa upya, na jalada lake limechanika. Nalisema hili kwa sababu tunapoambiwa tuuhuishe ujuzi wetu wengi tunafikiria kitabu cha mwaka huu au kifaa cha mwaka huu. Kitabu cha 1944 kilikuwa kipya kwangu siku nilipokifungua. Kwa mwalimu, jambo ni jipya ikiwa hakuwa analijua na darasa lake linalihitaji.

Hata hivyo lugha haikusimama mwaka 1944. Mnakumbuka 2020. Ndani ya wiki chache neno barakoa lilikuwa kila mahali, kwenye matangazo, kwenye milango ya benki, kwenye vinywa vya makondakta. Darasani kwangu kulikuwa na binti ambaye familia yake ina ndugu Muscat. Akanyoosha mkono, akasema, "Mwalimu, barakoa ndiyo anayovaa bibi yangu." Wenzake wakacheka. Hawakujua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiitumia kwa maana yake ya zamani. Barakoa ni neno la Pwani, limetoka kwa Waarabu, na kwa miaka mingi lilikuwa jina la kifuniko cha uso cha wanawake. Kamusi ya Johnson ya 1939 inalo kwa maana hiyo. Janga lilipoingia, neno lililokuwa limeanza kusahaulika bara likaitwa kazini tena, likapewa mzigo mpya. Tulitumia kipindi kizima kwa neno hilo moja, na kutoka hapo tukaingia kwenye UVIKO-19, tukaona jinsi Ugonjwa wa Virusi vya Korona ulivyofinywa ukawa neno linalotamkika. Uundaji wa maneno, mada ambayo kwa kawaida huwa kavu kama muhogo wa kopa, siku ile ilikuwa hai. Kama ningekuwa nimeshika notisi zangu za zamani ningefundisha tena kipanya na barua pepe.

Leo wanafunzi wananiuliza juu ya akili bandia, akili mnemba na akili unde. Majina yote matatu yanasikika redioni na kusomwa magazetini, na mwanafunzi anataka kujua aandike lipi kwenye mtihani. Mwalimu asiyefuatilia atasema lolote litakalomjia. Anayefuatilia atamweleza kwamba istilahi mpya hupita kipindi cha kushindana, kwamba Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lipo tangu 1967 kwa kazi ya namna hiyo, kwamba bandia hutilia mkazo kuwa kitu si halisi na unde hutilia mkazo kuwa kimeundwa. Hayo ni mafunzo ya isimu ambayo kijana wa kidato cha tatu anaweza kuyashika kwa mikono miwili. Na juu ya programu zenyewe, nasema mwalimu azijaribu kwa mkono wake. Nilipoipa mojawapo swali la ngeli ilinijibu kwa lugha laini sana, na katikati ya ulaini huo mlikuwa na kosa. Mwanafunzi hawezi kuliona kosa lile. Mwalimu mwenye kutu naye hataliona.

Sasa nizungumzie kamusi, maana hapa nina uchungu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka 1981, ikatoka tena 2004, ikatoka tena 2013. BAKITA wakatoa Kamusi Kuu ya Kiswahili 2015. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili yenyewe, TUKI tuliyoizoea, ni TATAKI tangu 2009. Nimetembelea vyumba vya walimu ambamo kamusi pekee iliyopo ni ya toleo la kwanza, haina jalada, na kurasa za herufi Z zimeng'oka. Walimu wa shule hizo hawana uvivu. Wana wanafunzi themanini darasani, na madaftari ya insha yanayofika kiunoni. Mshahara unagawanywa kabla haujafika. Kumwambia mtu huyo anunue kila toleo kwa fedha yake si haki. Hapa nawageukia wakuu wa shule mliopo: kamusi moja ya toleo la sasa, mezani katika chumba cha walimu, ihesabiwe pamoja na chaki na karatasi za mitihani. Sisi tulipokosa tulichanga walimu wanne tukanunua nakala moja, na tukaandika majina yetu wote kwenye jalada la ndani.

Mezani pale ndipo tulipojifunza mengi. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, haya tunayoyaita MEWAKA, yanatutaka tuwe na jumuiya za kujifunza hapo hapo shuleni. Nimesikia watu wakilalamika kwamba ni vikao vingine juu ya vikao. Inategemea mnaleta nini mezani. Siku moja tulipiga nakala nne za insha moja ya mwanafunzi wa kidato cha pili, tukagawana, kila mmoja akasahihisha peke yake bila kumwonyesha mwenzake. Tulipoziweka pamoja, mmoja alikuwa amempa 7 kati ya 20, mwingine 14. Insha ni ile ile. Mmoja alikuwa amekata kila masaa na kuandika juu yake saa, mwingine hakugusa hata moja. Mmoja aliona wakina mama ni kosa kubwa, mwingine aliliona ni la kawaida kwa sababu naye huandika hivyo. Tulibishana mpaka mlinzi akaja na funguo. Tukakubaliana kwamba tunafundisha saa mbili na akina mama, tukakubaliana pia kwamba kosa la namna hiyo lisahihishwe mara moja tu katika insha, na alama nyingi ziende kwenye hoja. Mtoto yule alirudishiwa karatasi mpya. Hakuja mwezeshaji kutoka popote, na haikutumika hata shilingi ya posho.

Vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 vilipofika shuleni kwetu tulivitumia kwa njia hiyo hiyo. Mmoja husoma makala ya jarida la Kiswahili au Mulika, huwasimulia wenzake kwa dakika kumi na tano. Kishikwambi kilichofungiwa kabatini hakimfundishi mtu.

Juu ya mtaala nitapita haraka, kwa kuwa semina zake zimekuwa nyingi. Tulianza mtaala mpya Januari 2024, na neno linalosikika kila siku ni umahiri. Ukisoma vitabu vya Kenya utakuta umilisi kwa maana hiyo hiyo, ambayo siyo ile maana ya wanaisimu niliyoitaja mwanzo. Mjue hilo, msije mkawachanganya wanafunzi mnapochukua mazoezi ya upande ule.

Fasihi ndiyo inayonitia hofu zaidi. Sarufi ukiisahau utaumbuka, kwa hiyo unaisoma. Fasihi unaweza kuifundisha miaka ishirini kwa madesa yale yale, dhamira, wahusika, mandhari, na hakuna atakayekuuliza. Nimewahi kukutana na mwalimu aliyefundisha riwaya kwa miaka sita bila kuisoma mara ya pili tangu chuoni. Wanafunzi wake walifaulu, na hakuna hata mmoja niliyemwona ameshika kitabu cha hadithi baada ya mtihani. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel 2021. Mwaka uliofuata riwaya yake ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Niliinunua, nikaisoma likizo nzima nikiwa na penseli, na nilijifunza humo namna ya kusimulia misafara ya bara ambayo sikuwa naijua. Haimo kwenye orodha ya vitabu vyangu vya kufundishia. Lakini niliporudi darasani na kuanza kufundisha kitabu kilichomo kwenye orodha, nilikisoma kwa jicho jingine. Mwalimu wa fasihi asome kitabu kimoja kipya kila muhula, hata kwa kuazima. Kwangu hicho ni kima cha chini.

Kiswahili chetu kinatazamwa na wengi sasa. UNESCO ilitangaza Novemba 2021 kwamba 7 Julai iwe Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka uliofuata Umoja wa Afrika ukakipitisha kuwa lugha yake ya kazi. Watahitajika walimu wa kwenda kukifundisha mbali. Wanaokwenda hawataulizwa kama walizaliwa Tanga au Unguja. Wataulizwa ku imekwenda wapi.

Wanachuo, mmekaa nyuma, na nimewaona mnaandika. Kabla hamjaripoti kwenye mazoezi ya kufundisha, nunueni daftari. Swali la kwanza litakalowashinda, mwambieni mwanafunzi aliyeuliza, "Hilo silijui, nitakuletea Ijumaa." Andikeni jina lake pembeni. Na Ijumaa mpelekeeni.